Kukodi Baiskeli ya Changarawe Siena: Siku Tatu Kwenye Barabara Nyeupe za Toscana

Mwishoni mwa Aprili mimi na mke wangu tulikodi baiskeli mbili katika duka moja mjini Siena, katikati ya mkoa wa Toscana nchini Italia, tukazitumia kwa siku tatu kwenye barabara za changarawe ambazo Waitaliano huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe. Tathmini hii inahusu huduma ya duka hilo. Sitalitaja jina, kwa sababu kasoro kubwa niliyokutana nayo ilirekebishwa siku hiyohiyo bila ubishi, na kwa sababu ni kasoro inayoweza kumkuta mteja wa duka lolote la ukodishaji katika nchi ya vilima. Barabara zenyewe nitazieleza kwa kirefu, kwani ubora wa baiskeli ya kukodi hujulikana ukiwa umeshafika nayo mlimani, mbali na duka, pumzi ikiwa imekukatika.

Nianze na mahali. Upande wa kaskazini wa Siena kuna vilima vya Chianti, vyenye misitu ya mialoni, mizabibu na mizeituni, na udongo uliojaa mawe. Upande wa kusini mashariki kuna nchi iitwayo Crete Senesi, ambayo ni vilima vya udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya kijivu, visivyo na miti mingi, vilivyotokana na matope yaliyotua chini ya bahari iliyofunika eneo hilo zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Pande zote mbili zimeunganishwa na mtandao wa barabara zilizotandazwa kokoto nyeupe, ambazo wakulima wamezitumia vizazi kwa vizazi kufika mashambani na kwenye nyumba zao zilizojengwa juu ya vilele. Barabara hizo zingeweza kabisa kufunikwa lami zote. Mwaka 1997 mkazi wa Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci, alianzisha safari ya pamoja ya baiskeli za zamani iitwayo L'Eroica ili watu wazione barabara hizo kuwa urithi unaostahili kulindwa, na mwaka huo wa kwanza walijitokeza waendeshaji 92. Leo safari hiyo ya Oktoba huwakusanya maelfu ya watu wenye baiskeli zilizoundwa kabla ya mwaka 1987, na njia yake ndefu ya kilomita 209 imewekewa alama za kudumu, hivyo mtu yeyote anaweza kuifuata siku yoyote ya mwaka kwa baiskeli yoyote. Kutoka kwenye wazo hilohilo yalizaliwa mashindano ya wanariadha wa kulipwa yaitwayo Strade Bianche, yanayofanyika tangu mwaka 2007 na kumalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo, Siena.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania hawahitaji kufundishwa maana ya kuendesha baiskeli kwenye kokoto na vumbi. Tangu mwaka 2021, Migration Gravel Race inayofanyika Kenya imewaonyesha wageni kutoka Ulaya na Marekani kwamba barabara za aina hiyo kwetu ni maisha ya kila siku. Mimi mwenyewe nimekulia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na nilifika Siena nikiamini kwamba mpando hauwezi kunishangaza. Nilishangazwa, na sababu yake ndiyo kiini cha tathmini hii.

Duka tulilolichagua liko nje kidogo ya kuta za mji wa kale, jambo ambalo ni faida kubwa, kwa sababu ndani ya kuta vichochoro ni vyembamba, vimejaa watembea kwa miguu na vina miteremko mikali iliyosakafiwa mawe. Tulikuwa tumeagiza kwa barua pepe wiki tatu kabla. Bei ilikuwa yuro 45 kwa siku kwa baiskeli ya kawaida na yuro 65 kwa baiskeli ya umeme ambayo mke wangu aliichagua, pamoja na helmeti, pampu ndogo, tyubu moja ya akiba na vifaa vya kuzibia pancha. Tulipokelewa vizuri. Fundi alipima urefu wa kiti kwa uangalifu, akatuuliza tumezoea pedali za aina gani, kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kuelezwa katika duka lingine lolote: kwamba kwenye baiskeli nyingi za Italia breki ya mbele iko mkono wa kushoto, tofauti na desturi ya Uingereza, ambako iko mkono wa kulia. Anayetoka nchi yenye desturi ya Kiingereza na asiyejua hilo anaweza kuibana breki ya mbele kwa nguvu zote katikati ya mteremko wa kokoto, akidhani anabana ya nyuma, na gurudumu la mbele likishateleza kwenye kokoto hakuna namna ya kulirudisha. Maelezo hayo ya nusu dakika nayahesabu kuwa sehemu bora kabisa ya huduma yao.

Kisha nikapewa baiskeli nzuri ya kutazama, fremu ya kaboni, breki za diski, tairi za milimita 40 zisizo na tyubu zilizotiwa majimaji ya kuziba matundu. Nilifurahi kama mtoto. Sikutazama gia.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hesabu hii ndogo ndiyo itakayomwokoa. Baiskeli ile ilikuwa na gia moja tu ya mbele, yenye meno 42, na gia kubwa kuliko zote za nyuma ilikuwa na meno 36. Maana yake ni kwamba hata kwenye gia nyepesi kabisa, kila mzunguko mmoja wa pedali uliisukuma baiskeli mbele kiasi cha mita 2.6. Mtu akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ambayo ni kasi ya chini inayovumilika na magoti, atakuwa anakwenda zaidi kidogo ya kilomita 9 kwa saa. Kwenye barabara tambarare hiyo ni kasi ya kutembeza mtoto. Kwenye mpando wa asilimia 15, yaani unaoinuka mita 15 kwa kila mita 100, ni kazi ya mwanariadha, na mtu wa kawaida mwenye kilo 82 kama mimi hataiweza kwa zaidi ya dakika chache, atalazimika kuzungusha pedali polepole zaidi na zaidi hadi magoti yaanze kulalamika.

Kwenye lami mtu aliyeishiwa gia husimama juu ya pedali na kutumia uzito wa mwili wake. Kwenye changarawe njia hiyo imefungwa. Ukisimama, uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, kokoto zinachuruzika chini ya tairi, na gurudumu linazunguka mahali palepale bila kukupeleka popote. Lazima ukae kitini, uiname kidogo mbele ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, na uzungushe pedali kwa nguvu iliyo sawa, bila kushtua. Mambo hayo hayawezekani bila gia nyepesi. Ndiyo maana ninasema kwamba katika nchi ya vilima vya changarawe, namba mbili za meno ya gia zina uzito kuliko kaboni, kuliko chapa ya fremu na kuliko bei ya kukodi.

Hayo yote niliyajifunza siku ya kwanza, kwenye njia ya kwenda Gaiole. Kutoka Siena tulipita Pianella kwa barabara tulivu ya lami, kisha tukaingia kwenye mpando wa changarawe unaoelekea kasri ya Brolio, mpando ambao katika safari ya L'Eroica huwashiwa taa ndogo kandokando kabla ya alfajiri, kwa kuwa waendeshaji wa njia ndefu hupita hapo kungali giza. Misaipresi imesimama pande zote mbili kama walinzi, na juu yake inaonekana kasri ya ukoo wa Ricasoli, alikoishi Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili katika karne ya 19 na ambaye huko ndiko alikoandika namna ya kuchanganya zabibu za divai ya Chianti. Ningependa kusema kwamba niliyatazama hayo yote nikiwa kitini. Nilisimama juu ya pedali mara mbili, gurudumu la nyuma likateleza mara mbili, na mara ya tatu nikashuka na kuisukuma baiskeli, huku mke wangu akipita kwa utulivu na kunisubiri juu.

Kulikuwa na kasoro ya pili. Tairi zilikuwa zimejazwa upepo wa baa 4 (baa ni kipimo cha msukumo wa hewa), kiasi kinachofaa tairi nyembamba za lami. Tairi pana yenye upepo mwingi namna hiyo hairuki jiwe kwa kuliviringikia, inadunda juu yake, na kila mdundo hupokelewa na mikono, mabega na macho. Yeyote aliyewahi kupanda gari kuukuu kwenye barabara ya vumbi yenye yale matuta madogo madogo yaliyopangana kama mawimbi anaujua mtetemo ninaousema. Kwenye mteremko wa kutoka Brolio nilikuwa siwezi kusoma namba kwenye kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye usukani. Nilipofika Gaiole nilipunguza upepo kwa kukisia, nikibonyeza tairi kwa kidole gumba, na baiskeli ikabadilika tabia papo hapo: ikatulia, ikashika njia, na kwenye kona ikaacha kuteleza.

Tulirudi dukani saa moja kasoro jioni, nusu saa kabla ya kufunga. Nilimweleza fundi yaliyotokea, nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Hakubishana. Alitazama gia, akaniuliza kesho tunakwenda wapi, na nilipomtajia barabara ya Monte Sante Marie alitikisa kichwa, akaingia ndani na kurudi na baiskeli nyingine, ya fremu ya alumini, nzito kidogo na bei yake ya dukani ni ndogo zaidi, lakini ina gia mbili za mbele, ya meno 46 na ya meno 30, na nyuma gia kubwa ina meno 34. Alipima upepo wa tairi kwa kipimo na kuuacha kwenye baa 2.3. Hakunitoza chochote. Kwa hesabu ileile ya mwanzo, mzunguko mmoja wa pedali sasa ulinipeleka mbele kiasi cha mita 1.9, na pedali 60 kwa dakika zilikuwa kilomita 7 kwa saa. Tofauti ya kilomita 2 kwa saa inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye mpando ndiyo tofauti kati ya kuendesha na kusukuma.

Lawama yangu kwa duka, na nailalamikia kwa dhati, ni kwamba lile swali la jioni, "Kesho mnakwenda wapi?", lilipaswa kuulizwa asubuhi, au kwa barua pepe wiki tatu kabla. Duka lilikuwa na baiskeli sahihi muda wote. Lilinipa ile ya ghali kwa kudhani kwamba mgeni hupenda kilicho ghali.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa siku muhimu kuliko zote za safari. Tulitoka Siena kwa upande wa Taverne d'Arbia, tukashika changarawe ya San Martino in Grania hadi Asciano, tukanunua maji, mikate na jibini, kisha tukaelekea kaskazini kwenye kipande cha Monte Sante Marie chenye urefu wa kilomita 11.5, ambacho katika mashindano ya Strade Bianche mara nyingi ndicho kinachowatenganisha wenye nguvu na wenzao. Jiwe la kumbukumbu limewekwa huko kwa heshima ya Mswisi Fabian Cancellara, aliyeshinda mashindano hayo mara tatu, mwaka 2008, 2012 na 2016.

Nimejaribu mara kadhaa kumweleza ndugu yangu wa Lushoto kipande hicho kwa simu na nimeshindwa, kwa hiyo nitajaribu hapa kwa maandishi. Milima ya kwetu hupanda kwa kona. Barabara inazunguka mlima taratibu na kumpa mtu nafasi ya kupumua. Monte Sante Marie haina mlima mmoja wa kuushinda. Barabara inafuata mgongo wa kilima, upepo ukikupiga kutoka pande zote, kisha inatumbukia ghafla upande mmoja hadi chini ya bonde, na kabla hujapata muda wa kushukuru inainuka tena ukutani kwa asilimia zaidi ya 10, mara nyingine mita mia mbili tu, mara nyingine nusu kilomita. Unafika juu, unaona nyumba moja ya mawe na misaipresi minne, na mbele yake unaiona barabara ileile nyeupe ikishuka na kupanda mara tatu nyingine mpaka upeo wa macho. Miguu haichoshwi na mpando wowote mmoja. Inachoshwa na idadi yake. Mwezi wa Aprili ngano ilikuwa ya kijani kibichi pande zote, na katikati yake palibaki mabaka ya udongo wa kijivu usioota kitu, uliochongwa na mvua kuwa vichuguu na makorongo, na kondoo wakiwa wametawanyika juu yake kama mawe meupe. Sijaona nchi nzuri kama ile, na sidhani kama ningeiona vizuri kutoka ndani ya gari, kwa sababu gari lisingenipa sababu ya kusimama mara nyingi kiasi kile.

Kondoo hao wana mbwa. Ni mbwa wakubwa weupe wa aina ya Maremma, na kazi yao ni kulinda kundi dhidi ya mbwa mwitu na wezi. Kwa ushauri wa duka, ambao ulikuwa sahihi, tulipowaona tulishuka, tukaweka baiskeli kati yetu na wao, tukatembea polepole na kuzungumza kwa sauti ya kawaida, na wakarudi kwa kondoo wao. Kujaribu kuwakimbia kwa baiskeli ni kuwaalika.

Kwenye miteremko ndipo baiskeli ya pili ilipojithibitisha. Kanuni za kushuka kwenye changarawe ni chache: breki uzibane mapema kabla ya kona, uzito uurudishe nyuma, mikono ilegee, na macho yatafute mstari uliosafishwa na matairi ya magari, kwa maana kokoto zilizolegea hukusanyika katikati na pembeni. Kwa baa 2.3 tairi zilishika ardhi kwa uaminifu. Karibu na Torre a Castello nilisikia sauti ya upepo ukitoka kwenye tairi la nyuma, jiwe lenye ncha likiwa limelitoboa, na kabla sijateremka majimaji yale meupe yalikwishaziba tundu. Nilipoteza upepo kidogo tu, nikaongeza kwa pampu, tukaendelea. Kwa mtu aliyezoea kutoa tyubu, kuitia kwenye beseni la maji na kutafuta mapovu, huo ni muujiza mdogo, na ningemshauri yeyote asikubali kukodi baiskeli ya changarawe yenye tairi za aina nyingine katika nchi hii.

Kuhusu baiskeli ya umeme aliyoendesha mke wangu, nina maneno machache ya sifa na moja la tahadhari. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, mota ya baiskeli ya namna hiyo isiyohitaji kusajiliwa ina nguvu isiyozidi wati 250 na huacha kusaidia baiskeli ikifika kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo kwenye mteremko haimpi mtu faida yoyote, na kwenye tambarare faida yake hukoma akifikia kasi hiyo. Faida kubwa iko kwenye mpando. Mke wangu, ambaye hupanda baiskeli mara moja kwa wiki, alimaliza njia ya kilomita 80 akiwa na nguvu kuliko mimi. Lakini betri ilikuwa imebaki na sehemu moja kati ya tano tulipokuwa bado na mipando miwili mikali mbele yetu, kwa sababu vilima vingi vifupi hula betri haraka, na duka lilikuwa limetuambia bila maelezo kwamba betri inatosha siku nzima. Alipunguza msaada wa mota kwenye mipando midogo, akauhifadhi kwa ile mikubwa. Anayechagua baiskeli ya umeme amwombe fundi amweleze betri itatosha mita ngapi za kupanda, kwa maana hesabu ya kilomita peke yake humpotosha mtu katika nchi hii.

Maji ni suala zito. Katika kipande chote cha Monte Sante Marie hatukukuta duka wala bomba, na kivuli ni cha miti michache iliyo kwenye nyumba za watu. Tulijaza chupa zetu zote Asciano, kila mtu lita moja na nusu, na tulizimaliza. Baadaye mzee mmoja tuliyemkuta akipogoa mizeituni alituelekeza kwenye makaburi ya kijiji, ambako kuna bomba la maji ya kumwagilia maua, akasema waendeshaji wote hunywa hapo. Tuliingia kwa adabu, tukavua helmeti, tukajaza chupa na kutoka.

Mwisho wa njia, baada ya uwanja wa vita vya Monteaperti, ambako Siena iliishinda Firenze mwezi Septemba mwaka 1260, kuna mipando miwili iliyokaribiana: Colle Pinzuto na Le Tolfe. Le Tolfe ina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja na inafikia asilimia 18. Niliipanda yote nikiwa kitini, kwenye gia ya 30 kwa 34, kwa mwendo ambao mtoto angeweza kutembea pembeni yangu. Nikiwa na baiskeli ya siku ya kwanza ningeisukuma kuanzia mita ya mia moja. Tuliingia mjini kupitia Via Santa Caterina, kichochoro chenye mpando wa asilimia 16 ambacho ndicho mpando wa mwisho wa mashindano, na hapo tulishuka kwa hiari na kutembea, kwa sababu palikuwa na wanafunzi na bibi mwenye vikapu vya sokoni, na mtaa ni wao.

Jioni tulikula pici, tambi nene za Siena zinazosokotwa kwa mkono, kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu uitwao aglione. Nalitaja hilo kwa wasomaji wasiokula nguruwe, kwa sababu vyakula vingi vya huko vina mafuta au nyama yake, na mchuzi huo hauna nyama kabisa.

Siku ya tatu niieleze kwa ufupi. Usiku mvua ilinyesha. Tulichukua treni ya kawaida hadi Buonconvento, tukaingia kwenye changarawe ya kuelekea Pieve a Salti, na baada ya kilomita moja na nusu udongo wa mfinyanzi ulianza kujishikiza kwenye tairi, ukakusanya kokoto, ukapanda hadi kwenye fremu na kulizuia gurudumu kabisa. Anayeujua udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika ameshaelewa. Mwaka 2010 mashindano ya Giro d'Italia yalipita katika barabara za namna hii kuelekea Montalcino siku ya mvua, na picha za Mwaustralia Cadel Evans, aliyeshinda hatua hiyo akiwa amefunikwa tope kiasi kwamba jezi yake ya bingwa wa dunia haikutambulika, bado zinasambazwa. Sisi hatukuwa na gari la msaada nyuma yetu. Tulizibeba baiskeli hadi kwenye lami, na ile ya umeme, yenye kilo karibu 20, tuliibeba wawili. Tope lilikwama kwa urahisi kwa sababu tairi za milimita 40 zilikuwa ndizo pana kuliko zote ambazo fremu ya baiskeli yangu inaweza kupokea, kwa hiyo nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu ilikuwa nyembamba kama kidole. Kwa msimu wa mvua ningeomba fremu yenye nafasi zaidi, au tairi za milimita 35 kwenye fremu ileile. Nilipenda kwamba fundi, tulipompigia simu, alitushauri mara moja turudi kwa lami badala ya kututia moyo tuendelee.

Tuliporudisha baiskeli tulitozwa yuro 15 kwa kila moja kwa ajili ya kuzisafisha. Sharti hilo limo kwenye fomu tuliyotia saini, iliyoandikwa kwa Kiitaliano pekee, na hakuna aliyetutajia. Fedha yenyewe ni ya haki, kwa kuwa tope lile lilihitaji kazi ya saa nzima, lakini sharti la malipo linapaswa kusemwa kwa mdomo kwa mteja asiyeijua lugha ya fomu. Nilimwambia mwenye duka hivyo, naye akakubali. Jambo jingine la kujua ni kwamba duka hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa na nusu, kama maduka mengi ya huko, hivyo anayepata tatizo saa nane mchana ajitegemee.

Ninawapa alama nne kati ya tano. Alama moja nimeipunguza kwa ajili ya lile swali ambalo halikuulizwa asubuhi ya kwanza. Kabla hatujaondoka fundi alichukua kadi, akaandika jina langu, urefu wa kiti, 30 kwa 34, baa 2.3, na chini yake akapigia mstari maneno ya Kiitaliano ambayo mke wangu alinitafsiria: fremu yenye nafasi ya tope. Tumeshaweka oda ya wiki ya pili ya Oktoba.